Dhana Potofu Kuhusu Uchongaji wa Akiki Zamani

"Bila chuma kikali, jiwe gumu halichongeki." Akiki, jiwe la vito lenye wekundu, ina ugumu wa 6.5 hadi 7 katika kipimo cha Mohs (kipimo cha ugumu wa madini, 1 hadi 10), na chuma cha kawaida hakiifikii. Kinachoila ni jiwe lenye ugumu unaoifikia au kuizidi, hasa unga wa korandamu (9) au almasi (10). Ncha ya shaba ilifaa kubeba unga huo kwa sababu ni laini: chembe za unga hujikita ndani yake, zikakwangua jiwe badala ya kubingirika ovyo.

"Umbo lilitolewa kwa nyundo nzito." Kwa mafundi wa akiki wa Khambhat, mji wa Gujarat nchini India, kichwa cha nyundo ni pembe ya nyati iliyochomekwa kwenye kijiti chembamba. Mtaimbo wenye ncha umechimbiwa ardhini kwa mshazari. Fundi huegemeza jiwe kwenye ncha, akagonga upande wa pili, na kibanzi huruka pale penye ncha. Nyundo ya chuma ingelipasua.

"Wekundu wake ni wa asili tu." Mara nyingi umepikwa. Mawe huanikwa juani kwanza, kisha huchomwa polepole ndani ya vyungu na kuachwa yapoe yenyewe. Madini ya chuma yaliyomo hugeuka mekundu. Jiwe lenye unyevu, au lililotolewa motoni kwa pupa, hupasuka.

"Kila shanga iling'arishwa kwa mkono." Nyingi zilitiwa pamoja kwenye mfuko wa ngozi wenye maji na unga wa kusagia, ukaviringishwa siku kadhaa.

"Tundu lilipitishwa kwa mkupuo mmoja." Kosa hili ndilo kubwa, maana kutoboa ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kwanza hudonolewa kishimo, la sivyo ncha huteleza. Shanga hubanwa kwenye mbao, maji yakidondoka. Mkono mmoja huvuta uta wa keekee, mwingine hukandamiza kwa kifuu. Mafundi wa bonde la Indus (Pakistan na India ya leo), zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, walitumia ncha za mawe. Majaribio ya kuiga kazi yao yalipata takriban milimita 2.5 kwa saa. Shanga ya sentimita 10 basi hula saa 40. Ukiipitisha ncha moja kwa moja, upande wa kutokea humeguka, kwa hiyo hutobolewa pande zote mbili zikutane katikati. Imulike shanga ya zamani, hata zile za akiki zilizofukuliwa Kilwa: pale matundu yalipokutana utaona kijingazi kidogo.