Vioo vya kuvutia tela: ni nini, na pikapu ya zamani inavifungaje

Vioo vya kuvutia tela ni vioo vya pembeni vilivyotengenezwa kwa ajili ya dereva anayekokota kitu kipana kuliko gari lake. Vinatofautiana na vya kawaida kwa mambo mawili. Mkono wake ni mrefu, na mara nyingi unaweza kuvutwa nje tela likifungwa na kurudishwa ndani likifunguliwa. Pia uso wake umegawanyika: juu kuna kioo bapa, chini kuna kioo kidogo chenye tumbo. Gereji nyingi huviita saiti mira tu kama vingine vyote, na hapo ndipo mtu anapokwenda dukani akarudi na kioo kikubwa akiamini amepata cha kuvutia tela. Ukubwa unakuja baadaye. Kinachotangulia ni umbali wa kioo kutoka ubavuni mwa gari, na hilo nitalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo linaloamua kila kitu.

Chukua Hilux ya miaka ya 1990, pikapu ambayo bado inafanya kazi kila kona ya Dodoma. Upana wake ni karibu mita 1.7. Ifungie tela la mifugo lenye upana wa mita 2.3, la kupeleka ng'ombe mnadani Msalato. Tela hilo linatokeza sentimita 30 kila upande. Sasa tuseme ukingo wa nje wa kioo chako cha kawaida uko sentimita 20 kutoka ubavuni, na kona ya mbele ya tela iko mita 4 nyuma ya kioo. Ili jicho lako lipite kwenye kioo na kuikwepa kona hiyo, mstari wa kuona unalazimika kwenda upande wa nje kwa sentimita 10 ndani ya mita hizo 4, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita. Mstari huo haurudi ndani tena. Ukifika mita 30 nyuma ya kioo, uko sentimita 95 kutoka ubavu wa gari. Ubavu wa tela uko kwenye sentimita 30. Tofauti ya sentimita 65 ni ukanda wa barabara, kando kabisa ya tela lako, ambao huuoni hata kioo kikiwa kisafi kiasi gani. Bodaboda anayekufuata umbali huo, kwenye mstari wa ubavu wa tela, anaweza kumezwa karibu mzima na ukanda huo. Ukienda mita 60 nyuma, ukanda umeshafika sentimita 140, na hapo hata gari dogo linafichika sehemu kubwa ya bodi yake.

Weka kioo kikubwa mara mbili kwenye mkono uleule. Utaona mbingu zaidi na lami zaidi, lakini kona ya tela itakuzuia palepale. Sasa rudisha kioo chako kidogo, kisha kisogeze nje sentimita 15 tu. Ukingo wake uko sentimita 35 kutoka ubavuni, umeupita ubavu wa tela, na ghafla unaona bati la tela lote kutoka mbele hadi taa ya nyuma, pamoja na kila kilicho kando yake. Sentimita 15 zimefanya kazi ambayo kioo kikubwa hakikuweza. Ndiyo maana nasema mwenye fedha kidogo atafute mkono mrefu kwanza.

Kwa hiyo pikapu inavihitaji lini? Pale tela au mzigo unapokuwa mpana kuliko gari. Anayevuta jenereta ndogo, mashine ya kuchanganyia zege au boza jembamba la maji kwenda eneo la ujenzi Mtumba huenda asivihitaji kabisa, kwa sababu vitu hivyo aghalabu havizidi upana wa pikapu. Anayevuta tela la ng'ombe, la marobota ya majani au la kreti za zabibu kutoka Hombolo anavihitaji, na anavihitaji zaidi akitoka mjini. Barabara ya Dodoma kwenda Morogoro, kupita Kibaigwa na Gairo, na ile ya kwenda Manyoni na Singida, zinabeba malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo, na mabasi yasiyopenda kukaa nyuma ya pikapu iendayo polepole. Basi lililoanza kukupita ni lazima ulione kabla hujakwepa shimo.

Kuna kipimo unachoweza kukifanya mwenyewe bila kumlipa mtu. Kanuni namba 46 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu vioo vya magari, inataka kioo kikuu cha pembeni cha gari dogo kimwonyeshe dereva ukanda wa barabara wenye upana wa mita 4, ukianzia mita 20 nyuma ya macho yake. Kanuni hupima kutoka ubavu wa gari. Wewe mwenye tela pima kutoka ubavu wa tela. Simamisha gari mahali tambarare, weka debe moja usawa wa ubavu wa tela mita 20 nyuma ya kiti chako, na jingine mita 4 zaidi upande wa nje. Kaa kwenye kiti unavyoendesha siku zote, bila kunyoosha shingo. Ukiyaona madebe yote mawili, vioo vyako vinatosha. Lile la ndani lisipoonekana, huna namna, tafuta mkono mrefu.

Kuhusu uso wa kioo. Kioo bapa kinaonyesha kitu kwa ukubwa wake halisi, hivyo unaweza kukadiria lori liko mbali kiasi gani na linakuja kwa kasi gani. Chenye tumbo kinakusanya eneo pana, lakini kila kitu ndani yake kinaonekana kidogo, na akili hutafsiri kidogo kuwa mbali. Kwa sababu hiyo sheria ya Marekani inataka kioo cha upande wa dereva kiwe bapa, na kile cha abiria kikiwa na tumbo ni lazima kiandikwe onyo kwamba vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana. Magari mengi ya Kijapani tunayoendesha hapa yana tumbo kidogo pande zote mbili, na dereva aliyezoea hilo anapofunga vioo vya kuvutia kwa mara ya kwanza hushtuka: lori alilozoea kuliona dogo sasa limejaa kioo. Atazoea baada ya muda. Kioo bapa kitumie kuamua kama una nafasi ya kuhama, kile cha chini kitumie kutazama tairi la tela na bodaboda anayepenya kushoto kwako. Ukiamua kuhama kwa kutazama kile cha chini peke yake, unaamua kwa picha isiyo na vipimo.

Sasa suala la kutoa vioo vya pikapu mpya na kuvifunga kwenye ya zamani. Inawezekana, na wakati mwingine ni rahisi kuliko unavyodhani, mradi milango inafanana. Mfano unaojulikana sana ni wa Marekani: pikapu ya Ford Super Duty ilianza mwaka 1999, na kabini yake iliendelea na umbo lilelile la msingi hadi toleo la mwaka 2016. Kwa hiyo wenye magari ya 1999 hadi 2007 hununua vioo vya kuvutia vya 2008 na kuendelea, vyenye mkono unaovutika, wakavifunga kwenye matundu yaleyale ya mlango. Wanachohangaika nacho zaidi ni waya. Funzo lake kwetu ni kwamba uliza kwanza kuhusu mlango, mwaka wa gari uuulize baadaye. Hilux ilibadilishwa umbo mwaka 1997, ikabadilishwa tena 2004 ilipokuja ile tunayoiita Vigo, na tena 2015. Usinunue kioo cha Vigo kwa ajili ya Hilux ya 1994 kwa kuambiwa kwamba zote ni Hilux. Fungua kioo chako, chukua kipande cha boksi, chora umbo la kitako chake na matundu ya bolti, kisha nenda nacho dukani.

Wenye Land Cruiser pikapu wana nafuu. Gari hilo la familia ya 70, iliyoanza mwaka 1984, limedumu bila kubadilishwa sana, na viwanda vya Australia hutengeneza vioo vya kuvutia kwa ajili yake, pia kwa pikapu za Hilux, Ford Ranger na Isuzu D-Max. Australia wanaendesha kushoto kama sisi, usukani ukiwa kulia. Hilo ni muhimu mno. Kioo cha gari la usukani wa kushoto kimeinamishwa kumtazama dereva aliyekaa kushoto, na kioo chenyewe ndani ya ganda lake kina uhuru mdogo wa kugeuka. Ukikifunga kwenye gari letu unaweza kukigeuza hadi mwisho na bado kikakuonyesha mlango wa nyuma badala ya barabara. Muuzaji akisema ni cha Dubai, uliza usukani wa gari kilikotolewa ulikuwa upande gani. Cha mtumba kutoka Japani hakina shida hiyo.

Waya ndipo mafundi wazuri wanapojulikana. Pikapu nyingi za zamani vioo vyake vinarekebishwa kwa mkono, na ndani ya mlango hakuna waya hata mmoja. Kioo kipya kinaweza kuja na mota ya kukigeuza, taa ya indiketa na kipashajoto cha kukausha ukungu. Si lazima uunganishe vyote. Ningeunganisha indiketa kwanza, kwa kuchukua umeme kwenye waya wa taa ya indiketa ya mbele upande huohuo, kwa sababu aliye kando ya tela lako huenda haoni indiketa ya nyuma. Mota ni starehe nzuri, hasa kwa kioo cha kushoto usichokifikia kutoka kwenye kiti. Kipashajoto hakina kazi kubwa Dodoma, ila anayepanda Iringa na kuendelea hadi Njombe alfajiri za Juni atakifurahia. Chochote utakachounganisha kiwe na fyuzi yake, na waya upite ndani ya mpira unaounganisha mlango na bodi. Waya uliopitishwa kwenye upenyo wa mlango na kufungwa kwa selotepu utakatika kwa kufunga na kufungua mlango, na ukigusa bodi bila fyuzi utaungua.

Kabla ya hayo yote, tazama bati. Mkono mrefu unaupa upepo na mitikisiko nguvu zaidi ya kuuvuta mlango, na bati la pikapu ya miaka 30 mara nyingi limechoka na limepata nyufa ndogo kuzunguka matundu ya bolti. Ukifunga kioo kizito hapo, baada ya safari chache za barabara ya vumbi ufa utatambaa. Mwambie fundi aweke bamba la chuma kwa ndani, upande wa pili wa bati, ili bolti zivute bamba na si bati tupu. Bawaba za mlango zikiwa zimelegea, zitengenezwe kwanza, kwani mlango unaocheza unatikisa kioo, na kioo kinachotetemeka hakionyeshi kitu ukifika kilomita 80 kwa saa. Mikono miwili, wa juu na wa chini, hutulia kuliko mmoja. Dukani shika kioo kwa nguvu ukitikise. Kikicheza mkononi mwako, barabarani kitacheza zaidi.

Jambo moja linanikera kuliko yote: pikapu inayopita barabara za Majengo ikiwa haina tela, vioo vimevutwa nje kabisa. Ncha za vioo hivyo ziko usawa wa kichwa na bega la mtu wa bodaboda au mwenda kwa miguu. Mkono unaovutika umetengenezwa ili urudishwe, na kuurudisha ni kazi ya sekunde. Tela likifunguliwa, vioo viingie ndani.

Vioo havikuongezei uwezo wa kuvuta. Uzito ambao gari linaruhusiwa kukokota umeandikwa kwenye kitabu chake, na hautegemei unachokiona nyuma. Kamera ya nyuma nayo inasaidia kuunganisha tela na kurudi nyuma, lakini ukishafunga tela inachokuonyesha ni bati la tela.

Kuvirekebisha vioo fanya baada ya kupakia mzigo, kamwe si kabla. Tela lililopakiwa linakandamiza mkia wa pikapu, pua inainuka, na vioo vinainama pamoja na gari hadi vinatazama lami badala ya upeo wa barabara. Panga mambo hivi: kaa sawasawa, geuza kioo bapa mpaka ubavu wa tela uchukue ukanda mwembamba upande wa ndani, barabara ya mbali ikae katikati ya kioo. Kile cha chini kiinamishe mpaka uone tairi la tela linapogusa ardhi. Kisha endesha kilomita chache za barabara mbovu, simama, na urudie kukaza bolti kwa spana, maana bamba jipya na mpira wa kitako hukaa vizuri baada ya kutikiswa kwa mara ya kwanza.