Hakuna Zamu ya Usiku Huko Juu

Kila nikija likizo Malindi nikakaa barazani, kahawa haijapoa mtu ameshaniuliza: "Sasa ami, wale wanaanga wakilala, chombo anakishika nani?" Kabla sijafungua mdomo mwingine anamjibu: wanapokezana, nusu wamelala nusu wako macho, kama mabaharia wa jahazi linalokwenda Lamu usiku. Wote wanakubali. Juzi kaniambia hivyo hivyo mwalimu wa fizikia, na mimi kazi yangu ni kupanga ratiba za wanaanga. Basi naandika, mwenye kuuliza tena nimtumie hii.

Hakuna zamu. Kwenye ISS, kituo cha kimataifa cha anga, watu wote, kwa kawaida saba, wanalala wakati mmoja. Wanaamka saa 12 asubuhi na kulala saa 3 na nusu usiku kwa saa za Greenwich, maana jua linawachomozea kama mara 16 kwa siku na halifai kuhesabia chochote. Ukitoa siku za kuhamisha saa za usingizi kwa ajili ya chombo kinachokuja kutia nanga, ndivyo ilivyo siku zote. Wao wakifumbua macho hapa Malindi ni saa 3, mahamri na mbaazi yameshaliwa. Usukani hakuna. Kituo kinaizunguka dunia kwa kasi yake, kompyuta na jairo (magurudumu mazito yanayozunguka) zinakiweka sawa, na wanaokodolea mitambo macho wako chini, Houston na Moscow, usiku na mchana. King'ora cha moto, cha hewa kuvuja au cha amonia, kemikali ya sumu inayopoza mitambo, kikilia, wote wanaamka na kila mtu anajua pa kukimbilia.

Zamu ziko duniani, na wanaozibeba hakuna anayewaulizia. Saa 12 asubuhi ya Greenwich, Houston ni saa 6 usiku, au saa 7 majira ya kiangazi. Yaani mwanaanga anapoamka mwenye nguvu, mpya kabisa, anaongea na mtu aliyeacha watoto wamelala akaenda kazini. Jamaa wa kituo cha Ngomeni, wanaofuatilia satelaiti na roketi kwa saa zinazopangwa na mbingu, najua watanielewa.

Sisemi zamu hazijawahi kujaribiwa. Kwenye Apollo 7, safari ya Wamarekani ya Oktoba 1968, mmoja alitakiwa awe macho daima, na wale watatu walilalamika hadi mwisho. Apollo 8, Desemba mwaka huohuo, wakiwa wanauzunguka Mwezi, uchovu ulizidi mpaka kamanda wao, Frank Borman, akafuta kazi zilizobaki akawaamuru wenzake wawili wakalale. Mwaka 1983, kwenye safari ya kwanza ya Spacelab, maabara iliyobebwa ndani ya chombo cha shuttle, watu sita waligawanywa timu nyekundu na timu ya buluu, saa 12 kwa 12. Hiyo ilikuwa na mantiki: safari ya siku 10, maabara ya bei ya kutisha, hutaki ikae bure hata saa moja. Mtu anayekaa miezi sita ni habari nyingine. Mgawe huyo kwa zamu, na kila anayefanya kazi anamwamsha aliyelala, kwani vyumba vyao vya kulala ni kama kabati na kelele za feni tayari zinatosha.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalifikirii kabisa, nalo ndilo linalonila muda: mashine za mazoezi. Kila mtu anapangiwa saa mbili na nusu kwa siku, la sivyo mifupa na misuli inakwisha. Upande wa Marekani wako wanne, na mashine ya kunyanyua uzito ni moja. Sasa panga. Huyu asinyanyue mara tu baada ya kula. Yule anatolewa damu asubuhi kabla hajatia kitu tumboni, kwa hiyo asianze na mazoezi. Wa tatu yuko kwenye jaribio ambalo huwezi kulikata katikati. Na kuna majaribio yasiyotaka mtikisiko, hayo tunapenda kuyapeleka usiku, wakati wote wamelala na kituo kimetulia. Ukiweka zamu, utulivu huo umeupoteza. Kusafisha choo na kufuta vumbi kwenye chujio za hewa ni rahisi: Jumamosi, kwa kupokezana, na anayenung'unika ananung'unika.

Ratiba ikishapangwa, wanaiona kwenye kompyuta: visanduku vya rangi, jina la kila mtu na mstari wake, na mstari mwekundu unaosogea kutoka kushoto kwenda kulia. Mstari huo ukikipita kisanduku chako hujamaliza, umechelewa, na wanaokuona ni wengi.

Kwa safari ya kwenda Mars sina uhakika huo. Mawasiliano yatachukua hadi dakika 20 na zaidi kwenda upande mmoja, na mtu wa Houston hawezi kuokoa chombo kwa habari za dakika 20 zilizopita. Wapo wenzangu wanaotaka mtu mmoja awe macho. Mimi naona kompyuta ipewe kazi hiyo, lakini hoja yao siwezi kuipuuza.

Kinachonisumbua zaidi kiko kwenye ratiba ya leo. Tunapanga saa 8 na nusu za usingizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta wanaanga wa ISS wanalala kama saa 6 tu, na robo tatu yao walitumia dawa za usingizi. Tangu 2016 zimeanza kufungwa taa mpya zinazobadilika rangi kuelekea saa za kulala, na ni hatua nzuri. Lakini nikimwongezea mtu nusu saa ya kulala, anaitumia kujibu barua pepe au kwenda dirishani kupiga picha. Siwezi kumpangia mtu mzima afumbe macho, na nikikata kazi ili apumue, wenye majaribio wananijia juu kabla ya Jumatatu.