Wati nyingi sio mwanga mwingi

Bado nasikia dukani mtu anaomba "balbu ya wati 60 ndo inawaka sana". Hapana jamani, wati ni umeme inaokula, mwanga wenyewe unapimwa kwa lumeni. Wala sio ujinga, zamani balbu zote zilikuwa zile za kawaya ndani, wati zikipanda na mwanga unapanda, tukazoea hivyo mpaka leo. Ile ya wati 60 inatoa kama lumeni 800 tu, umeme mwingi unaishia kuwa joto (aliyewahi kuigusa anajua), wakati LED ya wati 9 hivi inatoa mwanga uleule na Luku inapumua. Na soko ndo linaelekea huko, Ulaya walianza kuziondoa balbu za zamani 2009, na kwenye Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki nchi zimekubaliana tyubu za fluoresenti (zile taa ndefu, ndani zina zebaki) nazo zisitengenezwe tena baada ya 2027. Kwa hiyo geuza boksi usome lumeni, ila kuna za bei chee zinaandika namba za uongo, we mwambie muuzaji akuwashie kwanza uone.