Je, wajua kwa nini drili ya nyundo huzunguka vizuri lakini haitoboi zege?

Fundi umeme anaweza kutoboa kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar asubuhi nzima asijue kuwa mashine yake ina ugonjwa. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Biti, yaani kile chuma cha kutobolea, ikizunguka tu, inazama. (Tena hazipendi kupigwa: lipu ya chokaa hubanduka mapande kwa mapande.) Akienda Michenzani, kwenye majumba ya zege yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ndipo siri inapofichuka. Biti inazunguka, inapata moto, tundu halisogei.

Kwanza tazama swichi ya kuchagua kazi kama iko kwenye alama ya nyundo. Si wachache waliofungua mashine bure. Ikiwa ipo sawa, watuhumiwa wakubwa ni wawili: oringi, yaani pete ya mpira inayozuia hewa kuvuja, na konrodi.

Konrodi ni mkono mfupi wenye matundu mawili, kama ule wa injini ya boti, ila kazi yake imegeuzwa. Kwenye boti pistoni husukumwa na moto, konrodi ikazungusha krenki, yaani mhimili uliopinda. Kwenye drili mota huzungusha krenki, konrodi ikasukuma pistoni mbele na nyuma. Mashine nyingi kubwa hupiga mara 2,000 hadi 3,000 kwa dakika, na kila pigo ni safari moja ya konrodi kwenda na kurudi. Drili ndogo za kilo mbili au tatu kwa kawaida hazina konrodi. Zina beringi inayoyumba, kwa hiyo usihangaike kutafuta spea isiyokuwemo.

Sasa lililo zuri: pistoni haiigusi biti kamwe. Mbele yake, ndani ya silinda, kuna kinyundo cha chuma kilicho huru, na kati yao kuna hewa tu. Ziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole gumba, kisha sukuma: utahisi mkono unarudishwa. Hewa iliyobanwa namna hiyo ndiyo inayokirusha kinyundo, pigo likafika kwenye kitako cha biti. Ukiinua biti ukutani, kinyundo huteleza mbele, vitundu vya silinda vikaachia hewa, na mapigo yakakoma. Hapo hakuna kilichoharibika.

Oringi ya pistoni au ya kinyundo ikilika, hewa huvuja na pigo hudhoofika polepole, wiki kwa wiki. Konrodi haina subira hiyo. Grisi ikikauka au vumbi la zege likiingia, beringi ya kichwa chake hukwama, na konrodi hukatika ghafla kwa mlio mmoja.

Ukienda kununua konrodi nyingine, chukua namba ya modeli iliyo kwenye mashine na ile iliyovunjika. Pima umbali kati ya vituo vya matundu mawili, upana wa kila tundu, na pini ya pistoni. Milimita moja ikizidi, pistoni inaweza kugonga mahali pasipo pake. Badilisha oringi papo hapo, maana mashine imeshafunguliwa, na osha grisi yote ya zamani: chembe moja ya chuma ikibaki itakwaruza silinda na hewa itavuja tena. Tia grisi mpya ya kazi hiyo, si ya magurudumu ya gari.

Kisha ijaribu kwenye kipande cha zege, biti ikiwa imekandamizwa. Ukiinyoosha hewani haitapiga, hata ikiwa mpya.