Je, wajua kwa nini mtandao wa data wa hospitali za nchi nzima haubadilishwi kwa usiku mmoja?

Mgonjwa wa Micheweni, kaskazini ya Pemba, akipewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini Unguja, huvuka bahari na cheti chake mkononi. Cheti kikirowa au kikasahauliwa ndani ya boti, daktari anayempokea hulazimika kuanza mwanzo: kuuliza upya dawa alizopewa, kupima upya damu ambayo imeshapimwa, na kumtegemea mgonjwa mwenye homa akumbuke majina ya vidonge. Ili taabu hii ipungue, nchi nyingi zimejenga njia maalumu ya data inayounganisha hospitali, vituo vya afya, maabara na ofisi zinazohudumia wazee na watu wenye ulemavu. Ila njia hiyo nayo huchakaa, na hufika siku ikabidi iondolewe na kuwekwa nyengine. Hapo ndipo swali linapozuka: ikiwa nyaya mpya zipo, mashine mpya zipo na fedha ipo, kwa nini kazi ya kuhama huchukua miaka?

Kwanza tuelewane kinachobadilishwa ni nini. Mtandao ninaouzungumzia si programu ya kupokelea wagonjwa wala ile ya kutunzia kumbukumbu zao. Ni kile kilicho chini ya programu hizo zote: nyaya za mkonga zilizozikwa ardhini, ruta, yaani vifaa vya kuelekeza data, zilizofungwa kwenye kabati la kila kituo, anwani za tarakimu ambazo kila kompyuta imepewa, na mikataba ya kampuni zinazovitunza vyote hivyo. Sisi Wazanzibari tunavitumia vitu vya namna hii bila ya kuviona. Takwimu za vituo vya afya huingizwa katika mfumo wa DHIS2, na wajitolea wa afya ya jamii katika mpango wa Jamii ni Afya huingia majumbani na simu zao kuandikisha wajawazito na watoto wachanga. Kila moja ya kazi hizo inahitaji njia ya kupitia, na njia ikikatika, programu iliyo bora kabisa hugeuka kioo kitupu.

Mfano ulio wazi zaidi wa kubadilisha njia nzima unatoka England. Katika miaka ya 1990 huduma ya afya ya huko, NHS, ilikuwa na mtandao ulioitwa NHSnet. Mwaka 2004 kampuni ya BT ilipewa mkataba wa kujenga na kuendesha mtandao mpya, N3, ambao ulikuja kuunganisha maelfu ya vituo, kuanzia hospitali kubwa za mijini hadi zahanati za madaktari wawili watatu vijijini. Mkataba ule ulimalizika tarehe 31 Machi 2017. Mahali pake palikusudiwa kuingia mtandao wa HSCN (Health and Social Care Network), ambao jina lake limebeba mambo mawili, afya na ustawi wa jamii. Ila tarehe 1 Aprili 2017 hakuna aliyeamka akakuta kila kitu ni kipya. BT iliendelea kuutunza mtandao ule ule wa zamani chini ya mpango wa kipindi cha mpito, na kazi ya kuvihamisha vituo, kimoja baada ya chengine, iliendelea mpaka mwaka 2020.

Mtu asiyehusika na kazi hii anaweza kuiona ni uzembe. Mzanzibari anayekumbuka miaka ya 2008 hadi 2010 hapaswi kuiona hivyo. Unguja wakati ule ilipata umeme kwa waya mmoja tu wa baharini, uliolazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni upande wa bara hadi Fumba. Mwezi wa Mei mwaka 2008 umeme ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani kwa karibu mwezi mzima. Tarehe 10 Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hii giza lilidumu mpaka Machi 2010. Tuliokuwepo tunajua kwamba kukosa taa ndilo lililokuwa jambo dogo. Pampu za maji zilisimama, foleni za madumu zikaanza alfajiri, samaki wakaoza kwenye mafriza, na hospitali zikaishi kwa jenereta na kwa bei ya dizeli ya siku hiyo. Waya mpya wa megawati 100 ulipokuja kulazwa na kukamilika mwaka 2013, hakuna aliyethubutu kusema ule wa zamani uzimwe kwanza ndipo huu ujengwe. Ulilazwa huku wa zamani ukibeba mzigo, ukajaribiwa, kisha ndipo ukatwishwa kazi. Wazee wetu wanasema usiache mbachao kwa msala upitao, na mhandisi yeyote wa mitandao ya hospitali, awe wa London au wa Chake Chake, hufanya kazi kwa kuifuata kauli hiyo hata kama hajapata kuisikia.

Kwa hivyo jambo la kwanza linalojengwa katika mabadiliko kama haya ni kiungo baina ya mtandao mkuukuu na mtandao mpya, kabla ya hospitali yoyote kuguswa. Bila ya kiungo hicho, kituo cha kwanza kuhama kingejikuta peke yake kama mtu aliyevuka mto na daraja likavunjwa nyuma yake, kwa sababu maabara yake, hospitali yake ya rufaa na seva zenye kumbukumbu za wagonjwa wake bado ziko upande wa pili. England kiungo hicho kiliwekwa, na ndicho kilichoruhusu zahanati iliyohama wiki hii kuendelea kupeleka vipimo katika hospitali itakayohama mwakani.

Baada ya hapo huanza kazi ya kituo kimoja kimoja, na hapa ndipo miaka inapopotelea. Fundi hufika kuangalia jengo, kabati, umeme na mahali waya utakapopita. Kampuni huagizwa njia mpya, na ikiwa mkonga haujafika mlangoni, barabara huchimbwa kwa ruhusa ya wenye barabara. Njia mpya hufungwa kando ya ile ya zamani, na zote mbili hukaa pamoja kwa siku kadhaa zikijaribiwa. Kisha huchaguliwa saa ya kuhama, aghalabu usiku au mwisho wa wiki, wakati kliniki zimefungwa na ni wodi na chumba cha dharura tu vinavyofanya kazi. Wauguzi hupewa fomu za karatasi za kutumia kwa saa hizo chache. Fundi huhamisha, hupima, na kama kipimo kimoja tu kimekataa, huirudisha njia ya zamani kabla ya asubuhi na kuomba siku nyengine. Uwezo huo wa kurudi nyuma ndio unaolinda uhai wa watu, na hauwezekani iwapo njia ya zamani imeshakatwa.

Lakini ugumu mkubwa zaidi, nao hauonekani kwenye ramani yoyote, ni anwani. Kila kompyuta, kila mashine ya eksirei na kila printa ya vibandiko vya chupa za damu ina tarakimu zake ndani ya mtandao, mithili ya nambari ya nyumba. Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakizinakili tarakimu hizo ndani ya mashine nyengine: seva ya maabara imeambiwa ipokee majibu kutoka nambari hizi tu, na ukuta wa ulinzi wa mtandao wa hospitali, yaani kifaa kinachochuja data, umeamrishwa umpitishe mwenye nambari ile na umzuie mwengine. Ukibadilisha nambari moja bila ya kubadilisha kila mahali ilipoandikwa, mashine hukataa kimya kimya. Hakuna kengele inayolia. Majibu ya damu hayaji tu, na daktari hudhani maabara wamechelewa.

Na nani anajua nambari hizo zimeandikwa wapi? Mara nyingi aliyezipanga ameshastaafu au amehamia kazi nyengine. Wakaguzi hukuta kifaa cha kupimia baridi ya friji la chanjo ambacho hutuma taarifa zake kupitia ruta ya zamani, hukuta mfumo wa simu za ndani unaopita humo humo, hukuta mashine kubwa ya picha za mwili ambayo huduma yake hufanywa na mafundi walio nchi nyengine wanaoingia kwa mlango ambao uongozi wa hospitali hauukumbuki. Kila ugunduzi wa namna hii huongeza wiki kwenye ratiba. Kwa maoni yangu wiki hizo ni faida, maana orodha kamili ya kinachoitegemea njia hupatikana siku ile mtu anapotaka kuiondoa, na si kabla.

Lipo pia suala la nani awe mwenye njia. N3 ilikuwa mikononi mwa kampuni moja. Katika HSCN kampuni nyingi zinaruhusiwa kuviuzia vituo huduma, kwa sharti kwamba zote zitimize masharti yale yale na zikutane katika vituo maalumu vya kubadilishana data, ili mteja wa kampuni hii aweze kuzungumza na mteja wa kampuni ile. Ushindani ulitarajiwa kushusha bei na kuvipa vituo uhuru wa kuchagua. Uhuru huo una gharama yake: njia ikikatika usiku, pande tatu zinaweza kunyoosheana vidole, na muuguzi hajui ampigie nani. Nchi ndogo ya visiwa kama yetu haihitaji kuiga mpangilio huo mzima, ila somo moja lafaa tulichukue lilivyo. Daftari la anwani na mchoro wa njia lazima vikae serikalini, vitunzwe na watumishi wa serikali, visiwe siri ya mkandarasi. Nchi isiyokuwa na daftari lake haiwezi kumbadilisha mkandarasi hata akishindwa kazi.

Wiki sita baada ya mkataba wa N3 kumalizika, Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta duniani kote na kuwadai wenyewe fidia. Ukaguzi wa serikali ya Uingereza ulionesha kwamba kati ya taasisi 236 za hospitali na huduma za NHS huko England, angalau 80 ziliathirika, na miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufikia 19,000 ilivunjwa. Kirusi kiliingia zaidi kwa sababu kompyuta nyingi zilikuwa hazijapewa masahihisho ya programu ambayo tayari yalikuwa yametolewa, na ndani ya mtandao wa pamoja kilipata njia ya kusambaa. Wengi walikuwa wameamini kwamba aliye ndani ya mtandao wa hospitali ni mtu wa nyumbani, na adui yuko nje. HSCN iliwekewa uangalizi wa mwenendo wa data inayopita, na wanaoutumia waliambiwa bayana kwamba mtandao wenyewe haufichi siri za wagonjwa. Ni programu inayotuma taarifa ndiyo yenye wajibu wa kuzifunga kwa ufunguo kabla ya kuzitia njiani.

Neno ustawi wa jamii katika jina la mtandao mpya nalo linastahili kuangaliwa. Mzee anayetoka hospitali hurudi kwa watu wengine kabisa: mtoto wake, jirani, au makao ya wazee. Kule England wengi wa wanaomtunza walikuwa nje ya N3, na dawa mpya aliyoandikiwa iliwafikia kwa simu au kwa karatasi. Hapa kwetu tuna makao ya wazee ya Sebleni na Welezo, na tokea Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inawalipa pensheni jamii wazee waliotimiza miaka 70. Kuna taarifa za watu hao hao hospitalini, kwa sheha na katika ofisi za ustawi. Kuziunganisha ni jambo zuri, lakini kila mlango mpya unaofunguliwa kwenye mtandao ni mlango wa kulindwa, na ofisi ndogo yenye kompyuta moja haina fundi wa kuulinda. Ndiyo maana ofisi hizo huhamishwa mwishoni, wala hilo si dharau.

Visiwa vina tahadhari yake ya ziada. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikadhoofika Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Kwa hivyo mtandao wa afya wa Unguja na Pemba ukija kubadilishwa, haitoshi kuuliza kama njia mpya ina kasi. Yafaa kuuliza kama njia ya pili inapita bahari nyengine, au inapita pale pale ilipo ya kwanza kwa jina tofauti, na kama Mkoani na Wete wataweza kupokea wagonjwa kwa siku mbili bila ya kuifikia seva iliyo Unguja.

Siku ya kuzima njia ya zamani huja baada ya yote hayo, na nayo haiji mara moja. Mafundi huangalia kwanza kama kuna data yoyote inayopita bado. Wakiona kimya, huizima kwa saa chache za mchana, watu wakiwa kazini, na kusubiri simu ya kituo kilichosahauliwa. Simu ikija, huiwasha tena na kwenda kukihamisha kituo hicho. Isipokuja, huizima kwa wiki nzima, kisha huzing'oa ruta, hufuta mipangilio na anwani zilizomo ndani yake ili zisiangukie mikono mibaya, na huiandikia kampuni ya nyaya barua ya kusitisha kila njia kwa nambari yake, kwa sababu njia isiyoandikiwa barua huendelea kulipiwa hata kama mwisho wake ni ukuta mtupu.