Je, wajua kwa nini neno "run" lina maana 645?

Nikiwa darasa la sita, mwalimu wa Kiingereza alitupa sentensi ya kutafsiri: "My nose is running." Mimi "run" niliyoijua ilikuwa moja tu, ile ya uwanjani siku ya michezo. Nikaandika kwa kujiamini, "Pua yangu inakimbia." Daftari lilirudi na duara jekundu na swali pembeni: "Inakwenda wapi?"

Maana niliyoikosa siku ile ni moja kati ya 645. Hiyo ndiyo idadi aliyoifikia Peter Gilliver, mhariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, alipolipitia upya neno "run" likiwa kitenzi, yaani nomino bado hajaigusa. Herufi tatu tu, nazo zilimchukua miezi tisa. Habari hizo zilienea mwaka 2011. Zamani taji lilikuwa la neno "set", ambalo katika toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989 lenye majuzuu 20, lilipewa maana kama 430 na maelezo yaliyofika maneno 60,000 hivi. Hicho ni kitabu kizima kuhusu neno moja.

Sasa hizo 645 zinatoka wapi? Sehemu ya jibu iko kwa wenye kamusi wenyewe. Kamusi ya Oxford ni ya historia: maana ikishaingia haifutwi, hata kama aliyeitumia mara ya mwisho alizikwa karne nne zilizopita. Halafu wanagawa maana kwa wembe. Mto unatiririka, bomba limeachwa wazi, pua ina mafua, kanga mpya inachuja kwenye beseni na kuharibu mashati meupe: Mwingereza yote hayo atayasemea "run", lakini mhariri atayapangia kila moja chumba chake. Ukihesabu kwa mtindo huo, hata neno la kawaida hujaa haraka.

Ila kuhesabu kwa makini hakutoshi kueleza kwa nini ni "run" na si neno jingine. Hapo inabidi kurudi nyuma sana. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vya ukoo mmoja. Kimoja, "rinnan", kilikuwa cha kitu kinachokwenda au kutiririka chenyewe. Cha pili, "ærnan", kilitokana na umbo la kusababisha: kumfanya farasi akimbie, yaani kumpanda na kumwendesha mbio. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi. Ni "enda" na "endesha". Karne zilivyopita, vitenzi hivyo viwili vikagongana kwa sauti, vikameza maana za kila kimoja, kikabaki kimoja tu. Ndiyo maana leo farasi "runs" na mwenye duka naye "runs" duka lake. Ni kama sisi tungenyang'anywa kiambishi -esha, tukabaki kusema "mama anaenda duka" tukimaanisha ndiye analiendesha.

Kisha zikaja mashine. Reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa mwaka 1830, na kitu kizito cha chuma kisicho na miguu kikahitaji kitenzi. Wakakipa "run". Injini za viwandani, saa, mabasi, mwishowe programu za kompyuta, vyote vikapita mlango uleule.

Siasa nayo ina kituko chake. Mmarekani anayetaka ubunge husemwa "runs", wakati mwenzake wa Uingereza kwa jambo lilelile husemwa "stands", anasimama. Mmoja mbio, mwingine kasimama wima. Sisi tunasema anagombea, na ukitazama kampeni zetu utakubali kwamba tulichagua neno kwa macho wazi.

Ongeza vijineno vinavyoning'inia nyuma yake. "Run out" ni kuishiwa, "run over" ni kumgonga mtu na gari. "Run into" ndiyo hatari zaidi, kwa sababu inaweza kuwa kukutana na mtu bila kutarajia au kumvaa kwa kishindo. Mtoto akikuandikia kutoka Uingereza kwamba "I ran into" mjomba, usiharakishe kuuliza kalazwa hospitali gani.

Watu wakisikia haya hukimbilia kutaja "piga": piga simu, piga pasi, piga kura, piga mswaki, piga deki, piga chafya. Ni kweli, "piga" ni neno lenye uwezo wa ajabu, lakini kwa maoni yangu hufanya kazi tofauti. Mara nyingi linabeba tu nomino inayolifuata, na nomino ndiyo yenye maana. Ukitaka ndugu halisi wa "run", mtafute kwa "endesha". Dereva anaendesha gari, mwenyekiti anaendesha kikao, tajiri anaendesha biashara, fundi anaendesha mtambo, kijana wa kompyuta anaendesha programu. Ukiacha ile ya dereva, katika sentensi nne zilizobaki Mwingereza anaweza kuweka "run" na akaeleweka.

Hata ugonjwa wameugawana. Mwingereza aliyeharibikiwa na tumbo husema ana "the runs", nasi tunasema tumbo linaendesha, au kwa mkato, mtu anaendesha. Sasa piga simu nyumbani, uliza mbona baba hapokei ya kwake, ujibiwe, "Anaendesha." Hujui bado kama yuko kwenye usukani au ameshikilia mlango wa choo.