Kabla ya kung'oa chipukizi la mgomba, utazame mtaimbo wako

Kwa miaka mingi nimehamisha machipukizi ya migomba na wakulima wa Kagera, na karibu mipini yote niliyoiona ikivunjika ilivunjikia kazi ileile: mtu kakita jembe chini ya tunguu, yaani kile kishina kinene kilichofukiwa ardhini, kisha kalikandamiza ili chipukizi lichomoke. Jembe limeundwa kwa kupiga. Ukiligeuza wenzo, nguvu yote inakwenda kwenye tundu, palepale mti ulipochongwa ukawa mwembamba. Kipande cha mpini kiliwahi kunipita karibu na jicho. Tangu siku hiyo jembe nalitumia kufukua tu.

Kung'oa ni kazi ya mtaimbo, tena wa chuma kizima. Wa bomba ni mwepesi mkononi, lakini ukikutana na tunguu kubwa unapinda. Wangu una urefu wa mita 1.5 na unene wa milimita 25, kama kilo 6 hivi. Ukiuachia ushuke, uzito wake wenyewe unakata. Ncha moja iwe bapa kama patasi. Hapo ndipo pa kukagua sana: makali yakikunjika kwa kugongwa kwenye jiwe, usinunue. Kwa uzoefu wangu, ncha iliyofuliwa na mhunzi kwa springi ya gari hudumu kuliko nyingi za dukani.

Fukua upande wa nje mpaka tunguu lionekane. Shusha ncha bapa kati ya chipukizi na mama, ukate shingo inayowaunganisha. Halafu ingiza ncha chini ya tunguu kutokea nje, weka jiwe chini ya mtaimbo, ukandamize. Jiwe libebe mzigo, mgomba mama usiguswe.

Chagua chipukizi lenye majani membamba kama upanga. Limenye tunguu, likijaa vijia vya fukusi, litupe.

Na jambo ninaloomba lisipuuzwe: mnyauko bakteria, ugonjwa unaoua migomba, ulioonekana Kagera mwaka 2006, husafiri na vyuma vyetu. Mtaimbo mzima hauna mpini wa kuungua, kwa hiyo upitishe motoni mpaka ncha isishikike kwa mkono, ila usiiache iwe nyekundu, itapoteza ugumu. Jembe na panga vioshe kwa Jiki, sehemu 1 kwa 5 za maji. Mimi hufanya hivyo kila ninapohama shina, hata ndani ya kibanja changu.